Mizani ya Ijumaa

"Umekula wewe, na hii mizani haina—"

"Persis, tangu Sabato sijatia kitu mdomoni isipokuwa—"

"—haina sababu ya kukuchukia. Umekula huko Masimba, kwa hoteli ya—"

"—isipokuwa maji. Muulize huyu. Muulize Nusu."

"Nusu ndiye nimuulize? Nusu?"

Nusu ni mimi. Kaka yangu Nehemiah alinipa hilo jina mwaka wa sabini na mbili, siku niliporudi kwetu Manga kutoka chuo kikuu huko Kampala nikiwa na sanduku moja na nusu ya digrii. Jina likashika vizuri sana, hata mchungaji akawa ananiombea kwa hilo jina. Na hiyo Ijumaa ya Septemba sabini na nne nilikuwa nimesimama katikati ya Nehemiah na mke wake, penseli iko kwa sikio, kwa sababu mizani ilikuwa yangu. Nilikuwa karani wa kununua majani chai.

Kituo chenyewe kilikuwa mabati juu ya nguzo, meza ndefu ya kumwagia majani, na mizani ya duara imening'inizwa kwenye boriti, ndoano yake chini. Lori likishaondoka na majani, Ijumaa alasiri, Nehemiah alikuwa anakuja kutoka dukani kwake Masimba, anavua koti, anavua viatu, anashika ile ndoano kwa mikono miwili na kukunja magoti. Ananing'inia hapo kama gunia. Watu waliokuwa wamemaliza kupimiwa walikuwa wanabaki makusudi kuona.

Ijumaa ya kwanza, mwezi wa nne, mshale ulifika mia, namba ya mwisho, ukasimama hapo unatetemeka kama unatafuta namba zingine. Kwa mizani ya daktari alikuwa kilo mia moja na kumi na nane. Mimi nikatangaza kwa sauti ya kazi, "Mia na zaidi, toa moja ya gunia, toa moja ya umande," vile nilikuwa nawaambia wakulima kila siku na wao wananitukana. Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Nehemiah ndiye alicheka zaidi, bado ananing'inia.

Siku mshale uliposimama kwa tisini na tisa, walipiga makofi. Nilimwona Nehemiah akifuta macho.

Sasa huu ugomvi. Wiki iliyotangulia alikuwa themanini na moja. Leo, themanini na tano. Kilo nne zimetoka wapi, kwa mtu ambaye ameshinda siku sita bila chakula? Persis alisema zimetoka kwa hoteli. Nehemiah akasema labda kuna mtu anamtilia kitu kwa maji, mtu ambaye hakuwahi kupenda hii mambo tangu mwanzo. Persis akajibu kwamba hajawahi kuipenda na hataipenda, kwamba aliolewa na mwanamume, hakuolewa na boriti, na kwamba kanisani wanamuuliza anamfanyia nini mume wake. Waliendelea hivyo, kila mmoja juu ya maneno ya mwenzake, na wakulima wakaanza kubeba vikapu vyao taratibu, kwa sababu leo hakukuwa na kitu cha kucheka.

Mimi nilikuwa nimeangalia miguu ya kaka yangu. Alikuwa ametoa viatu. Soksi zilikuwa zimeacha alama ndani ya nyama, mtaro kabisa. Nikainama kama mtu anayeokota penseli, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo. Nikaondoa kidole. Shimo likabaki. Nikamtazama macho, na pale panapotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya ganda la ndizi mbivu.

Hakuwa amekula. Ilikuwa maji. Ini lilikuwa limeshindwa, na maji yalikuwa yanajaa mwilini, na mizani yangu ilikuwa inayapima.

Niliandika themanini na tano kwenye daftari, nikalifunga.

Lazima nieleze ilianzaje, maana mwanzo wake ni mdomo wangu.

Mwezi wa pili wa mwaka huo Nehemiah alikuwa amechoka kupanda mlima hata wa kwake mwenyewe. Akaenda hospitali mjini Kisii, daktari mmoja Mhindi, mtu mpole, akambonyeza chini ya mbavu upande wa kulia na kumwambia ini lake limevimba, limejaa mafuta. Asipopunguza mwili, litakuwa gumu kama soli ya kiatu, na hapo dawa hakuna. Apunguze lakini polepole, kilo moja, mbili, kwa mwezi. Nehemiah hakumpelekea Persis hayo maneno. Aliniletea mimi, kwa sababu kwetu nyumbani mimi ndiye niliyewahi kusomea maini.

Tulikaa nyuma ya duka, juu ya magunia ya mahindi. Nikamweleza vile nilikuwa nimefundishwa. Kwamba kila chembe ya ini ina kitabu ndani yake, maagizo ya kazi, wasomi wanayaita jeni. Kitabu ni kile kile tangu uzaliwe, lakini hakisomwi chote siku moja. Ukishiba, zinafunguliwa kurasa za kutengeneza na kuweka mafuta. Ukiwa na njaa, hizo zinafungwa, zinafunguliwa zingine za kuyachoma. Mtu akinona miaka mingi, zile kurasa za mafuta zinakaa wazi tu, usiku na mchana, kama duka la mtu mwenye tamaa.

Alipenda sana hapo pa duka. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kitu kimoja, na alikiuliza bila utani, mtu ambaye hata kwenye matanga alikuwa na utani.

"Nikikonda, hizo kurasa zinajifunga? Ini linarudi vile lilikuwa?"

Nikasema linarudi. Nikasema nimeona kwa macho yangu, kwa panya.

Sasa hao panya. Kampala tulikuwa nao arobaini. Wengine hawakuwahi kunona maisha yao yote. Wengine walinoneshwa wakaachwa hivyo. Na wengine walinoneshwa miezi sita, halafu wakakondeshwa mpaka wakawa sawa na wale wa kwanza kwa uzito. Profesa alitaka kujua kitu kile kile alichouliza Nehemiah. Panya aliyewahi kunona, akikonda, ini lake linafanya kazi kama la yule ambaye hajawahi? Au kuna kurasa zinabaki wazi hata baada ya mwili kusahau? Ilikuwa kazi ya miaka miwili.

Nilikuwa na rafiki pale maabara, Walter, kijana wa mdomo. Alidai anaweza kumtofautisha panya aliyekondeshwa na yule ambaye hakuwahi kunona kwa kumwangalia matako tu. Asubuhi moja nikabadilisha kadi za vizimba kadhaa, za hawa nikaweka kwa wale, nikamwita aje atuonyeshe ujuzi. Alikosea karibu zote. Tulicheka mpaka tukatoka nje. Tukaenda kunywa chai tukiwa bado tunacheka, na Profesa, ambaye alikuwa amesema atakuja Jumatano, akaja hiyo Jumatatu, akachinja panya wote kwa kufuata kadi. Niliporudi, maini yalikuwa ndani ya chupa.

Aliniuliza ni vizimba gani. Sikuweza kumwambia. Sikuwa nimeandika, maana nani huandika mzaha?

Hivyo ndivyo nilivyobaki na nusu. Nyumbani nilisema Amin ameharibu nchi na masomo yameharibika nayo. Kila mtu alikubali, ilikuwa ni rahisi kukubali. Na nilipoulizwa nyuma ya duka kama ini linarudi, mtu pekee katika wilaya nzima ambaye angeweza kuwa na jibu ndiye aliyekuwa amelipoteza jibu lenyewe. Sikuwa na nguvu ya kusema hivyo kwa kaka aliyenilipia karo tangu darasa la kwanza. Nikasema linarudi.

Akauliza hao panya walikondaje. Nikasema waliacha kula.

Nilidhani atapunguza ugali. Nehemiah hakuwa mtu wa kupunguza kitu. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, akafanya hesabu yake mwenyewe, na hiyo hesabu ingefanywa na Msabato wa Kisii peke yake. Tangu Jumapili mpaka Ijumaa hatakula kitu, maji tu na chai ya rangi. Lakini Sabato ni siku ya furaha, na kuifunga kwa njaa ni kama kumwonyesha Mungu sura mbaya. Tena chakula cha mchana cha wageni wa kanisa kilikuwa kwake kila wiki. Kwa hivyo jua likizama Ijumaa, na Sabato imeingia, Nehemiah anakula. Ugali wa wimbi, kuku, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, ndizi, maziwa lala kibuyu kizima. Anakula mpaka Jumamosi jioni, na hakuna mtu wa kumsema, anamshukuru Mungu.

Mimi nilikuwa nampima Ijumaa alasiri. Saa ile ambayo tumbo liko tupu kabisa. Jumapili sikuwahi kumpima hata mara moja.

Na nilijua. Hilo ndilo sijui niliweke wapi. Nilikuwa nimesoma kwenye majarida ya chuo kwamba panya akinyimwa chakula halafu alishwe kwa ghafla, ini lake linaamka na wazimu, zile kurasa za mafuta zinafunguka zaidi ya mwanzo, linatengeneza mafuta kama linalipiza. Nilijua daktari alisema kilo mbili kwa mwezi, na mimi nilikuwa natangaza mbili kwa wiki. Lakini watu walikuwa wanakuja hata kutoka upande wa Kiogoro kumwona mtu mnene akining'inia, na mimi ndiye nilikuwa nasoma namba, na kila namba ilikuwa chini kuliko ya juzi, na kaka yangu alikuwa ananishika bega mbele ya watu akisema, mnamwona huyu, hata nusu ya kwake inatosha.

Basi nikanyamaza miezi mitano.

Baada ya ule ugomvi wa kituoni sikuweza kulala na neno lenyewe. Jumapili nikaenda nyumbani kwao. Nikamkuta amekaa jua la asubuhi, shati halifungi tumboni, na mikono imekonda kama ya mtu mwingine. Nikawaambia wote wawili twende hospitali leo, si kesho. Persis hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani akatoka na kikapu kimeshafungwa, nikajua kikapu kilikuwa kimefungwa siku nyingi, kilikuwa kinangoja tu mtu aseme.

Daktari alikuwa yule yule Mhindi. Alimbonyeza upande wa kulia, akabonyeza tena, kisha akaacha. Walimtoboa tumbo, wakatoa maji, beseni baada ya beseni, na Nehemiah akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu anapima. Nesi alicheka. Mimi nilitoka nje.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, nilimwambia. Persis alikuwa upande wa pili wa kitanda anamkata kucha za miguu. Nilieleza yote, kadi, Walter, Profesa, chupa. Nilieleza na lile la panya waliolishwa ghafla. Nilikuwa nimelipanga kichwani kama maombi lakini lilitoka vipande vipande. Nilipomaliza, Nehemiah alikuwa anaangalia dari.

"Kwa hivyo hujui kama linarudi."

"Sijui."

"Na hao panya, hawakuweza kuangaliwa tena?"

"Walikuwa wamechinjwa. Ini haliwezi kusomwa mpaka mwenyewe afunguliwe."

Persis aliacha kukata, akashika ule mguu mkononi tu. Kisha akaendelea.

Nilingoja Nehemiah anitukane. Nilitaka sana anitukane, anaijua kazi hiyo vizuri. Lakini alisema tu kwamba mimi ni mtoto wa mama yake, na kwamba amechoka. Akageukia ukutani. Siku zilizobaki aliongea na Persis, akaongea na mchungaji, aliongea hata na yule mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye alikuwa kiziwi. Mimi nilikuwa nakuja kila siku na chupa ya uji, nakaa, naondoka na uji wangu. Ngozi yake ilizidi kuwa manjano. Akaanza kuchanganya majina, akamwita Persis kwa jina la mama, na siku moja akaniuliza kwa heshima kabisa kama mimi ndiye karani mpya.

Nilimuuliza daktari, kwenye korido, kama ni yale mafuta ya miaka kumi na tano au ni ile njaa ya miezi mitano. Alivua miwani akaifuta. Akasema inawezekana makovu yalikuwepo tayari hata kabla hajaja mara ya kwanza. Inawezekana pia kwamba lilikuwa bado linaweza kupona, na kule kufunga na kufungulia ndiko kulikolimaliza. Kwa kubonyeza nje hawezi kujua. Alisema hivyo polepole kama anayenihurumia, na mimi sikustahili, lakini niliichukua huruma yake nikaenda nayo nyumbani.

Nehemiah alikufa siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Persis akiwa ameenda kufua shati.

Walikuja wanaume wa ukoo na pikapu ya jirani yetu Onsongo, jeneza nyuma. Aliwaongoza baba mdogo wetu, mzee Angwenyi, fimbo mkononi. Tulisimama nyuma ya hospitali, karibu na chumba cha maiti, kuna jua kali na nguo za wagonjwa zimeanikwa kwenye ua. Angwenyi alitaka mambo yaende haraka. Alimwambia daktari kwamba maiti yetu haitaguswa na kisu, kwetu mtu huzikwa vile alivyo, na kukatwa ni kwa watu waliouawa ambao polisi wanawataka. Daktari akasema hakuna mtu aliyetaka kumkata. Akatia sahihi kwenye karatasi, ini limeshindwa kazi.

Angwenyi akauliza kama ini hushindwa lenyewe tu. Hakumwangalia daktari alipouliza. Alimwangalia Persis.

Nilikuwa nimeyasikia huko nyumbani siku hizo zote. Upande wa wanawake walisema Persis alimnonesha kwa majivuno, kila mtu aone duka linalipa, mpaka mafuta yakamziba. Upande wa wanaume walisema ni kinyume, alimwacha mume alale njaa siku sita kila wiki, na mwanamke gani mzuri anakubali jiko lipoe hivyo? Yote mawili yalikuwa yanatembea pamoja katika boma moja na hayakugongana. Jina langu halikuwa mahali popote. Mimi ni Nusu, mtu wa mizaha, nani atanifikiria?

Na mimi hapo, mbele ya Angwenyi, nilikuwa na nafasi. Neno lilikuwa liko mdomoni kabisa. Niliona Persis ananingoja niliseme. Aliningoja kwa muda wa kutosha mtu kupima magunia mawili. Nikaangalia zile nguo kwenye ua.

Wanaume wanne wakainama kushika jeneza walishushe.

Persis aliweka kikapu chini. Akapita mbele ya Angwenyi, jambo ambalo halifanywi, akasimama karibu na daktari mpaka yule daktari akarudi nyuma hatua moja. Na alisema kwa Kiswahili, polepole, aelewe daktari na tuelewe sisi wote:

"Daktari, kabla hawajambeba. Mfungue. Mfungue leo, mimi nikiwa nimesimama hapo, na unitolee hilo ini nilione. Na huyu shemeji yangu aingie na sisi, asimame mbele yangu, anisomee."